Wasailiwa karibu wote wamejipa 8 na 9 kwenye "akili": namba hizi tuzifanyie nini?

Msaili_Njiro

Habari za jioni wakuu.

Tunaajiri madereva waongoza watalii, nafasi 4, kampuni ndogo hapa Arusha. Baada ya mchujo wa leseni na vyeti wamebaki watu 26. Fomu ya usaili ina kipengele cha siku nyingi: "Ukijilinganisha na waongoza watalii wengine, jipe alama kati ya 1 na 10 kwenye akili, uendeshaji, ujuzi wa wanyama na ndege, na Kiingereza." Hakuna aliyejipa chini ya 6 popote. Kisha tukawapa mtihani wa maswali 40. Robo ya mwisho wamejiona wazuri kupita alama zao, robo ya juu wamejishusha.

Bosi amesikia habari za Dunning na Kruger, wanasaikolojia waliochunguza watu wanavyojikadiria, sasa anataka waliojipa 9 na 10 wakatwe moja kwa moja, maana "asiyejua hajui kwamba hajui". Naombeni majibu ya wanaoijua mada:

1. Hoja ya bosi inasimama?
2. Kipengele hiki kifutwe au kirekebishwe?
3. Kama kuna njia ya kupima mtu anavyoijua mipaka ya ujuzi wake, ifanyweje kwa siku moja, bila kuleta mtaalamu kutoka nje?

Naomba kuwasilisha.

---

Takwimu_Sakina

Mkuu, hoja ya bosi haisimami, ingawa alichokisikia kipo.

Kwanza hizo 8 na 9. Ndivyo binadamu wanavyojipima wakiulizwa hivyo, wala si tabia ya machalii wa Arusha peke yao. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza madereva wa Marekani na Sweden wajipange kwenye kundi lao. Kwa uangalifu barabarani, asilimia 88 ya Wamarekani na 77 ya Waswidi walijiweka nusu ya juu. Angalia, aliuliza nusu, hakuuliza wastani. Hilo ni muhimu, kwa sababu madereva wachache wakiwa na ajali nyingi mno, inawezekana kihesabu wengi wakawa bora kuliko wastani. Lakini nusu ya juu haiwezi kubeba watu 88 kati ya 100. Kwenye akili yenyewe, utafiti wa Heck, Simons na Chabris uliotoka 2018 ulikuta asilimia 65 ya Wamarekani wanaamini wana akili kuliko mtu wa kawaida.

Sasa Dunning na Kruger. Walichapisha mwaka 1999 wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell, majaribio manne: vichekesho, mantiki mara mbili, na sarufi ya Kiingereza. Robo ya mwisho kwa wastani walikuwa nafasi ya 12 katika watu 100 ukihesabu kutoka chini, wao wakajiweka nafasi ya 62. Robo ya juu walijishusha. Maelezo ya waandishi ni kwamba ujuzi unaohitajika kujibu vizuri ndio huohuo unaohitajika kujua kuwa umejibu vibaya.

Tatizo ni kwamba matokeo kama yale yanaweza kutokea hata kama maelezo hayo si kweli. Chukua hesabu hii. Uchambuzi wa Freund na Kasten wa 2012, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta uhusiano kati ya akili mtu anayojikadiria na akili iliyopimwa ni kama 0.33 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kufungamana kabisa). Tuseme 0.3. Robo ya mwisho ya kundi lolote la kawaida iko kwa wastani mikengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka wastani) 1.27 chini ya katikati. Zidisha kwa 0.3, unapata 0.38 chini, ambayo ni nafasi ya 35 hivi. Yaani hata pasipo majivuno yoyote, kundi lililo nafasi ya 10 na kitu litajikadiria 35, kwa sababu tu makadirio na mtihani havijafungamana sana. Robo ya juu nayo itashuka hadi 65. Ongeza sasa ile tabia ya wote kujipandisha, tuseme mikengeuko 0.6. Wa chini wanafika 59, wa juu 84. Umeshapata matokeo yanayofanana sana na yale ya Dunning na Kruger, bila mjinga yeyote asiyejijua.

Krueger (si yule Kruger) na Mueller walilisema hili mwaka 2002, na Gignac na Zajenkowski wakalirudia 2020 kwa njia nyingine za kitakwimu. Sisemi athari yenyewe haipo kabisa. Wapo wanaoiona hata baada ya kusafisha hesabu, ila inakuwa ndogo. Ninachosema ni kwamba huwezi kuisoma kwenye karatasi zako 26. Robo yako ni watu 6 au 7.

Ukitaka kusafisha kidogo, gawa mtihani: maswali ya namba witiri yatumie kupanga watu kwenye makundi, ya namba shufwa yatumie kupima pengo kati ya alama na makadirio. Aliyebahatika vibaya kwenye nusu ya kwanza si lazima abahatike vibaya tena kwenye ya pili, na sehemu ya pengo itayeyuka hapohapo.

La mwisho, na hili mwonyeshe bosi: uhusiano wa 0.3 ni mdogo lakini ni chanya. Waliojipa 9 na 10 kwa wastani ni bora kidogo kuliko waliojipa 6. Ukiwakata, unashusha wastani wa waliobaki.

---

Dada_Mapokezi

Nakubaliana na Takwimu, naongeza kuhusu swali la pili.

Kifute kwenye alama za ajira, hasa kama kati ya hao 26 kuna wanawake. Adrian Furnham na wenzake, tangu miaka ya 1990, wamewauliza watu wa nchi nyingi wakadirie IQ (alama za kipimo cha akili) zao. Wanaume hujipa zaidi kuliko wanawake, mara nyingi tofauti ya pointi 5 hivi, wakati vipimo vyenyewe vya akili kwa ujumla havionyeshi pengo kama hilo. Ukitia namba hizo kwenye jumla, umempunguzia dada alama kwa kosa la kujieleza kwa staha.

Pia neno "akili" ni pana mno. Dunning, Meyerowitz na Holzberg walionyesha mwaka 1989 kwamba sifa ikiwa na maana nyingi, watu hujipandisha zaidi, kwa kuwa kila mtu anachagua ile maana anayoiweza. Mmoja akisikia akili anafikiria hesabu, mwingine kuelewana na wageni, mwingine kujua njia ya Ndutu wakati wa mvua. Wote wamejipa 9 na wote wanasema kweli kwa vipimo vyao. Ukibana maana, kujipandisha kunapungua.

Kwa hiyo andika upya hivi:

"Ukionyeshwa picha 20 za ndege wanaoonekana Tarangire, utataja wangapi kwa jina sahihi la Kiingereza?" Halafu waonyeshe hizo picha.

"Kubadilisha tairi la nyuma la Land Cruiser, kuanzia kuzima injini hadi kurudisha vifaa, kutakuchukua dakika ngapi?" Halafu shika saa.

Usiulize "kuliko wengine". Mwombaji hawajui wengine 25, atabahatisha tu. Wala usiwalishe mfano kama "wengi hupata 15", maana namba hiyo itavuta majibu yote kuelekea kwake.

Kwenye akili kwa maana ya jumla, watu wa karibu huona vizuri kuliko mwenyewe. Simine Vazire mwaka 2010 alikuta mtu anajua zaidi wasiwasi wake wa ndani, lakini kwenye akili marafiki walikaribia matokeo ya vipimo kumzidi yeye mwenyewe. Basi wapigie simu wadhamini wawili waliofanya naye kazi porini, uwaulize jambo mahususi: "Mgeni akimuuliza asichokijua, hufanya nini?" Ukimuuliza mdhamini "ni mtu mwenye akili?" utajibiwa ndiyo, na umepoteza vocha.

---

Simba_wa_Kijenge

Jamani mnazunguka mlima. Mpe gari, mpeleke Ngaramtoni na kurudi, umeshajua kila kitu.

---

Takwimu_Sakina

Kwa uendeshaji uko sahihi kabisa ndugu yangu, kumpa mtu kazi yenyewe aifanye ni kipimo kizuri. Lakini safari ya Ngaramtoni haikuonyeshi kama huyu bwana, akiulizwa na mgeni jambo asilolijua, atasema "ngoja niangalie kitabuni" au atatunga. Hicho ndicho Msaili anakitafuta kwenye swali la tatu.

---

Mizani_Moshi

Swali la tatu ndilo lenye kazi. Kinachopimwa ni ulinganifu: mtu akisema ana uhakika wa asilimia 80, je, anapatia mara 80 katika 100? Vifaa ni karatasi, kalamu na kikokotoo. Saa mbili zinatosha kwa watu 26 wakiwa ukumbi mmoja.

Andaa maswali 40, kila moja majibu mawili tu, A au B. Pembeni ya kila swali weka 50, 60, 70, 80, 90, 100. Msailiwa anachagua jibu, kisha anazungushia uhakika wake. Waeleze kwamba 50 ni sawa na kurusha shilingi, kwa hiyo chini ya 50 haipo. Ukiwa na 40 kwenye A, basi una 60 kwenye B.

Uchaguzi wa maswali ndipo wengi wanapoharibu. Maswali mepesi humfanya mtu aonekane anajishusha, magumu humfanya aonekane anajikweza, bila yeye kubadilika. Changanya: 12 mepesi, 18 ya kati, 10 magumu. Urefu wa Kilimanjaro usiuweke, hakuna mtu huku asiyeijua 5,895. Maswali ya mtego yasizidi manne. Mfano wa mtego: "Fisi madoadoa wa Serengeti hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa (A) mizoga, (B) kuwinda." Jibu ni B, na wengi watazungushia A wakiwa na uhakika wa 100. Swali zuri hilo, lakini ukijaza kumi ya namna hiyo umepima mitego yako, hujampima mtu.

Kusahihisha, fanya mfano huu wa mtu mmoja:

Uhakika 50: maswali 8, amepatia 4.
Uhakika 70: maswali 12, amepatia 8.
Uhakika 90: maswali 12, amepatia 8.
Uhakika 100: maswali 8, amepatia 7.

Amepatia 27 kati ya 40, yaani asilimia 67.5. Wastani wa uhakika wake ni 78. Pengo ni 10.5, amejikweza. Lakini tazama ndani: kwenye 70 yuko karibu sawa, kwenye 90 ameanguka vibaya, kwa sababu "90" yake na "70" yake zote ni 67. Huyu hajui kutofautisha anachokijua na anachokidhania. Wastani pekee usingekuonyesha hilo.

Ukitaka namba moja ya kuwapanga, tumia alama ya Brier. Glenn Brier aliibuni mwaka 1950 kwa ajili ya kupima utabiri wa hali ya hewa. Kwa kila swali, chukua uhakika kama desimali, toa 1 kama amepatia au 0 kama amekosa, kisha zidisha tofauti kwa yenyewe. Aliyesema 90 akapatia anapata 0.01, aliyesema 90 akakosa anapata 0.81. Jumlisha, gawanya kwa 40. Ndogo ndiyo nzuri. Mtu wa mfano wetu anapata 9.00 gawanya kwa 40, sawa na 0.225. Aliyezungushia 50 kila mahali anapata 0.25 bila kujua lolote, kwa hiyo huyu bwana hajamzidi sana.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba kudanganya hakulipi. Ukipandisha uhakika ili uonekane shujaa, makosa machache yanakumaliza. Ukiushusha ili uonekane mnyenyekevu, unapoteza kwenye uliyopatia. Waambie hivyo kabla ya kuanza, na wape maswali matano ya majaribio yasiyohesabiwa. Mtu asiyeielewa kanuni atakuharibia takwimu, na kosa litakuwa la aliyeandaa.

Ziada ya dakika 15: maswali kumi ya namba ambapo mtu anatoa kiwango cha chini na cha juu, akiwa na uhakika wa asilimia 90 kwamba jibu limo. Mimba ya tembo ni miezi mingapi (22 hivi)? Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka gani (1951)? Ina kilomita za mraba ngapi (14,763)? Kuta za kreta ya Ngorongoro zina kina cha mita ngapi (karibu 600)? Aliyejipima vizuri anakosa moja kati ya kumi. Alpert na Raiffa waliwataka watu watoe viwango vya uhakika wa asilimia 98, na zaidi ya asilimia 40 ya majibu yakaangukia nje. Kwa hiyo usishangae mtu mzuri akikosa nne; shangaa akikosa nane.

---

Msaili_Njiro

Mizani asante sana, hii nimeipenda. Maswali mawili. Je, mtu mwenye elimu ndogo ya darasani hataonewa na hizo asilimia? Na kwenye ufundi wa gari, ambako maswali ya A na B hayatoshi?

---

Mizani_Moshi

Elimu: badala ya asilimia tumia vijiti. Mpe vijiti 10 kwa kila swali, agawe kati ya A na B. Vijiti 7 kwa A na 3 kwa B ni 70 ileile. Hesabu haibadiliki. Inachukua muda zaidi, kwa hiyo fanya maswali 25, ila ukubali kwamba kwa maswali 25 kila ngazi ya uhakika itakuwa na maswali manne au matano tu. Hapo usichambue ngazi kwa ngazi, tumia pengo la jumla na Brier.

Ufundi: tumia maelezo ya hatua. Rozenblit na Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2002 kwamba watu hudhani wanaelewa vitu vya kila siku, kama zipu na choo cha kuvuta maji, hadi watakapotakiwa kueleza hatua kwa hatua; hapo alama walizojipa zinashuka. Fanya hivi: ajipe alama 1 hadi 7 ya jinsi anavyoelewa breki za gari. Kisha aeleze, kuanzia mguu unapogusa pedali hadi gurudumu linaposimama, na kwa nini breki hulegea ukishuka mteremko mrefu umeikanyaga muda wote. Kisha ajipe alama tena. Aliyeshuka kutoka 6 hadi 4 baada ya kukwama hana kosa, amejisahihisha. Wa kuangalia kwa jicho la pili ni aliyekwama katikati akabaki na 6 yake.

---

Mwl_wa_Zamani

Naweka neno moja kwa sababu bosi anazungumza kana kwamba asiyejijua ndivyo atakavyobaki. Kwenye jaribio la nne la Kruger na Dunning, wale waliofanya vibaya walipofundishwa mantiki kwa muda mfupi, walianza kuona makosa yao wenyewe na makadirio yao yakakaribia ukweli. Sehemu hiyo ya utafiti haisimuliwi sana vijiweni.

Mfano wa hapa nyumbani: Sternberg, Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 kazi waliyofanya na watoto wa shule eneo la Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha mbinu kwa chini ya saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda, na kipimo cha pili kilieleza uwezo wao kwenye mambo mengine vizuri kuliko cha kwanza. Msaili, unaweza kuiga: asubuhi wape picha 20 za ndege, kila mmoja akadirie atataja wangapi. Fundisheni kwa dakika 40 jinsi ya kutofautisha kwa mdomo, miguu na namna ya kuruka. Alasiri picha 20 nyingine za ugumu uleule, makadirio mapya. Hapo una namba nne kwa kila mtu, na mbili za alasiri ndizo za kuzipa uzito.

Angalizo: picha za alasiri zisiwe zilezile za asubuhi, vinginevyo utapima kumbukumbu.

---

Dada_Mapokezi

Na lile la dakika za tairi, msishangae wote wakipitiliza muda. Buehler, Griffin na Ross mwaka 1994 waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9, wakatumia 55.5. Mlinganishe mtu na makadirio yake mwenyewe, kisha umuulize kabla ya tairi la pili: "Sasa unasema dakika ngapi?" Anayerekebisha namba yake baada ya kuona saa ndiye unayemtaka. Na hakikisha wote wanatumia jeki na spana zilezile, gari likiwa limeegeshwa mahali palepale. Mmoja akipewa nati zilizokazwa na mashine na mwingine zilizokazwa kwa mkono, dakika zenu hazina maana.

---

Msaili_Njiro

Nimeelewa. Kipengele cha kujilinganisha kinatoka. Tutafanya maswali 40 ya A na B, breki, na ndege asubuhi na alasiri. Je, wasailiwa waonyeshwe alama zao za uhakika au zibaki ofisini?

---

Mizani_Moshi

Waonyeshwe, siku hiyohiyo, swali kwa swali. Watabiri wa hali ya hewa ni miongoni mwa watu wanaojipima vizuri sana kwa asilimia, na sababu mojawapo ni kwamba wakisema leo mvua asilimia 70, kesho wanajua kama ilinyesha. Majibu yakikaa ofisini mwezi mzima hakuna atakayejirekebisha.

Kwa wanne mtakaowaajiri, wekeni daftari dogo kwenye gari. Wageni wakiwa hawapo, dereva anaandika: mnyama au ndege aliyemtaja bila kuwa na hakika, asilimia ya uhakika, na baadaye jibu la kitabuni. Mistari mitano kwa safari inatosha. Ikifika mistari 50 ikokotoe kwa kanuni ileile ya Brier, na tenganisha ndege na wanyama, kwa sababu mtu anaweza kuwa makini sana kwenye twiga na mtungaji mkubwa kwenye tai.